Giaboksi ya Hamahama

Pikapu ilikata tamaa katikati ya kilima, ikiwa imebeba nyumba nzima ya watu: kitanda, kabati la vyombo, magodoro yaliyofungwa kamba, na tenga la kuku juu kabisa. Injini ilinguruma, moshi ukafuka, lakini magurudumu yakagoma. Kisha gari likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye ugomvi bila kuaga. Dereva akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akamgeukia mwenye mali aliyeketi kando yake.

"Mama, shuka utafute mawe ya kuzuia magurudumu. Usikimbie, lakini pia usichelewe."

Dereva huyo mji mzima ulimwita Hamahama, maana kazi yake tangu ujana ilikuwa kuhamisha watu. Alijua nani kaachwa na nani, nani kapanda cheo, nani anahama kwa furaha na nani anamkimbia mwenye nyumba. "Nyumba ukitaka kuijua, ibebe," alipenda kusema. Ugonjwa wa sukari ulipomla mguu wa kushoto hadi ukakatwa chini ya goti, watu walidhani biashara imekwisha. Yeye akawacheka. Gari lake lilikuwa otomatiki, halina pedali ya klachi, na mguu wa kushoto kwenye otomatiki, alisema, ni abiria tu. "Nimemshusha abiria mmoja. Dereva yupo."

Pikapu ilivutwa kwa kamba hadi gereji ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Fundi huyo aliitwa Pole. Jina alipewa na wateja, kwa sababu kila alipofunua boneti ya gari bovu, kabla hajashika spana, alisema "pole" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Siku hiyo pia alisema. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakinusa, akakunja uso. Mafuta yalikuwa meusi kama masizi na yalinuka kuungua.

"Sema," Hamahama alimwambia, ameegemea gongo lake.

"Imekufa, shemeji. Imeungua ndani kwa ndani."

"Basi tafuta nyingine."

"Ya aina hii? Gari lenyewe limetuzidi umri sisi sote. Kiwanda kilishaacha kuzitengeneza. Zilizobaki mjini ni maiti kama hii."

Hamahama alitazama pikapu yake kwa muda. Rangi ilikuwa imebabuka, mlango mmoja ulikuwa wa gari jingine kabisa. "Kama mlango wa jirani umeingia," alisema, "giaboksi ya jirani itashindwaje?"

Pole alicheka, ingawa moyoni alijua si mchezo. Lakini huyu hakuwa shemeji wa jina tu. Baba wa Pole alipofariki na mwenye nyumba akaitolea familia vitu nje, ni Hamahama aliyefika na pikapu hii hii bila kuitwa. Akapakia kila kitu hadi ufagio, akawapeleka kwenye chumba alichokuwa amewatafutia karibu na kwake. Pole alikuwa kijana mdogo, amekaa nyuma juu ya meza iliyopinduliwa, anaona aibu. Hamahama alichungulia dirishani akamwambia, "Shika hiyo meza vizuri, wewe ndiye mwanamume wa mizigo." Na alipofungua gereji yake mwenyewe, mteja wa kwanza aliletwa na Hamahama, wa pili pia, na wa tatu alikuja akimlalamikia Hamahama kwamba hakumpa nafasi ya kupumua mpaka aje.

Kwa hiyo Pole alitafuta. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu, akatambaa chini ya magari yaliyooza, akapima kwa futi na kwa shubiri. Mwishowe aliipata giaboksi ya basi dogo lililopinduka upande mmoja. Lilikuwa kutoka kampuni moja na pikapu, injini zao ni ndugu, na matundu ya bolti mbele yalikubaliana. Nyuma ndiko kulikuwa na mgogoro. Giaboksi ya basi ilikuwa ndefu zaidi, hivyo chuma cha kuibeba chini ya gari kingesogezwa nyuma, propela ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma ingekatwa na kupunguzwa, na kijiti kinachounganisha mkono wa gia na giaboksi kingetengenezwa upya, la sivyo dereva angeweka gia ya kusimama na gari likadhani limeambiwa liende.

"Inawezekana?" aliuliza Hamahama.

"Inawezekana."

Hamahama alifumba macho kama mtu aliyetuliwa gunia.

Kesho yake mchana, wakati Hamahama yuko kliniki, dada yake Pole alikuja gerejini. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alisimama mlangoni ameshika pochi kwa mikono miwili mpaka Pole alipotoka chini ya gari.

"Dada! Kuna nini? Kaa."

"Sikai. Mdogo wangu, nimekuja kukuomba kitu, na usinikatize." Alitazama nyuma yake, kisha akasogea. "Mwambie shemeji yako kwamba haiwezekani."

"Nini haiwezekani?"

"Hilo gari. Mwambie umejaribu, imeshindikana."

Pole alifuta mikono kwa kitambaa, na hata ilipokwisha kuwa safi aliendelea kuifuta. Dada akasimulia. Juzi alikuwa akideki akaona alama za damu sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mumewe. Akamvua kiatu. Msumari ulikuwa umepenya soli na kuingia unyayoni, na mumewe alikuwa amekaa anasikiliza redio. Hakuwa na habari. Mguu wa kulia, huo uliobaki, ulikuwa umekufa ganzi.

"Anasema daktari hajamkataza kuendesha. Daktari hajui kama anaendesha! Hajamwambia! Na ule ukuta wa jirani alioubomoa kwa gari, alikudanganya kwamba breki zilikuwa mbovu. Wewe ulizikagua. Zilikuwa mbovu?"

"Hapana," Pole alisema.

"Basi."

"Kwa nini usimwambie wewe, dada?"

"Nimemwambia! Ananiambia nataka kumzika mzima mzima." Sauti ilimkatika, akaikusanya tena. "Mimi akinikasirikia tutalala kitanda kimoja tukipeana mgongo mpaka lini? Lakini gari likikataa, hilo si kosa la mtu. Gari limekataa, basi. Nakuomba. Atamuua mtu, au atajiua mwenyewe."

Pole hakumjibu ndiyo wala hapana. Dada akaondoka akidhani kimya ni kukubali, na pengine hakukosea.

Kazi iliendelea, lakini mikono ya Pole ilikuwa mizito. Mwenzake, mchomeleaji waliyegawana uwanja wa gereji, alikata propela, akaiunga, akaizungusha hewani akiitazama kwa jicho moja mpaka ikanyooka. Hamahama alikuja kila asubuhi, akakaa juu ya kreti la soda karibu na tairi la mbele, akapiga soga. Alisimulia juu ya bibi harusi aliyehamia kwa mumewe na makochi mawili, akahama na manne. Mchomeleaji alicheka mpaka akazima moto wa kuchomelea. Pole alicheka pia, huku akimwangalia shemeji yake kwa pembe ya jicho.

Aliona. Hamahama alinyanyuka kwenda kunywa maji, ndala ikabaki penye kreti. Alivuka uwanja wote, juu ya kokoto na vipande vya chuma vilivyotapakaa, mguu mtupu, bila kukunja uso. Aliporudi akaikuta ndala, akaitazama kwa mshangao, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Pole aliinamisha kichwa haraka akajifanya anatafuta spana.

Siku giaboksi ilipopanda mahali pake, bolti zikakaza, mafuta mapya yakajazwa, Pole alijaribu peke yake wakati wa chakula. Gari lilikwenda mbele. Likarudi nyuma. Likabadili gia laini kama mtu anayemeza mate. Alikaa kwenye usukani, na furaha aliyoizoea, ile ya kusikia mfu akipumua, haikuja. Kisha alishuka, akaingia chini, akachomoa pini ndogo inayoshika kijiti cha mkono wa gia. Akaitia mfukoni.

Hamahama alipokuja, Pole aliwasha injini mbele yake. Akasukuma mkono wa gia mbele, nyuma, mbele. Injini ilinguruma, gari halikusogea hata unywele.

"Imekataa, shemeji," alisema. Hakumtazama machoni. "Nimefanya kila kitu. Haikubaliani na hili gari."

Hamahama hakubisha. Hilo ndilo lililomchoma Pole zaidi. Alitegemea maswali na matusi, hata ule mzaha wa mlango wa jirani. Mzee alinyanyua mkono, akapapasa boneti, akasema, "Umejitahidi, mdogo wangu. Ahsante." Hakuwahi kumwita mdogo wake. Akaenda zake na gongo lake, na kreti la soda likabaki tupu siku hiyo na siku zilizofuata.

Dada alituma salamu: mumewe anakula kidogo, redio hafungui, anashinda ameelekea ukutani. "Lakini yuko hai," alisema, na haikujulikana anamfariji nani.

Uongo wa Pole ulivunjwa na mtu asiye na nia mbaya hata chembe. Hamahama alikuja asubuhi moja kuchukua vitu vyake ndani ya gari, turubai na kamba, akiwa amekata shauri kuliuza kwa wauza vyuma. Pole hakuwapo, alikuwa ameitwa kulitazama lori lililokwama. Mchomeleaji alikuwa chini ya pikapu akimalizia kuunga bomba la moshi, na alipoinua macho akaona kijiti kinaning'inia.

"Mzee!" alipaza sauti. "Mzee Hamahama, njoo! Pini imedondoka hapa! Ndiyo maana! Ni pini tu, ngoja nitafute nyingine!"

Alitafuta pini kwenye kopo la vikorokoro, akaipachika, akatoka chini akiwa amejaa vumbi na furaha. Akaingia kwenye usukani, akawasha, akaweka gia. Pikapu ikasogea mbele, ikarudi nyuma, ikasimama. Mchomeleaji alipiga makofi kwenye paa la gari. "Limefufuka!"

Hamahama hakupiga makofi. "Pini hudondoka?" aliuliza.

"Mara chache. Fundi akisahau kuibana."

"Na huyu mwenzako husahau?"

Mchomeleaji alifungua mdomo kujibu, halafu akaufunga.

Pole aliporudi alimkuta Hamahama amekaa kwenye kreti, gongo limelala mapajani. Aliliona gari limesogea kutoka mahali pake, akaelewa yote kabla ya salamu. Mchomeleaji alikuwa amejipatia kazi upande wa pili wa uwanja, amegeuza mgongo.

"Nani kakutuma?" Hamahama aliuliza.

Pole aliweka mkoba wa spana chini.

"Usinijibu. Namjua. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii." Alipumua. "Yeye namwelewa, ni mwanamke anayeogopa kuwa mjane. Lakini wewe! Nimekaa nyumbani nimetazama ukuta, najiambia mimi na gari langu tumekwisha pamoja, hakuna aliyetaka, ndivyo dunia. Kumbe nimezikwa na shemeji yangu."

"Nilishindwa kukuambia."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambiaje, shemeji?"

"Kama unavyoliambia gari! Gari bovu unaliambia pole, mimi unanifichia pini!"

Pole alitoa ile pini mfukoni, maana alikuwa akitembea nayo tangu siku ile, akaiweka juu ya boneti. Kisha akasema, bila kuzunguka, "Mguu wako wa kulia hausikii. Niliona ndala. Ukuta wa jirani haukubomolewa na breki."

"Mguu wangu unasikia."

"Shemeji."

"Unasikia ninapoendesha! Kutembea ni kutembea, kuendesha ni kuendesha. Nimeendesha kabla hujaota ndevu." Alisimama. "Twende. Sasa hivi. Panda."

Nyuma ya gereji kulikuwa na kiwanja kikubwa kisicho na mtu, ambako madereva walijifunzia kurudi rivasi, na mwisho wake mapipa matupu ya mafuta yamepangwa. Pole alipanda upande wa abiria. Aliweka mkono wake karibu na breki ya mkono, akijifanya anauegemeza tu.

Mwanzoni Hamahama aliendesha vizuri, vizuri kiasi kwamba Pole alianza kuona haya. Usukani ulipita mikononi mwake kama uzi. Alizunguka kiwanja, akakwepa mashimo, gari likabadili gia lenyewe, na uso wake ukarudi kuwa ule wa zamani. "Giaboksi tamu hii," alisema. "Haina kishindo. Basi limenipa zawadi." Pole alitabasamu. Kwa dakika hiyo alitamani kwa moyo wote dada yake awe amekosea.

"Simama pale, kabla ya mapipa," alimwambia.

"Kusimama tu?"

"Kusimama tu."

Hamahama aliunyanyua mguu, akakanyaga. Pikapu iliruka. Injini ilipiga kelele, mapipa yakaja mbio, Pole akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili huku akisukuma mkono wa gia kwa kiwiko, na gari likaserereka, likagonga pipa la kwanza na la pili, likasimama limekaa kimshazari. Pipa moja liliendelea kubingirika peke yake hadi ukutani. Injini ilikuwa bado inalia kwa nguvu zote.

Pole aliigeuza swichi, ikazima.

"Nimekanyaga breki," Hamahama alisema. "Haki ya Mungu, nimekanyaga breki."

Hamahama alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele kabisa, shingo imekakamaa, hataki kuinama.

"Hebu niangalizie," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Niangalizie mguu wangu uko wapi."

Pole aliinama chini ya usukani. Mguu ulikuwa juu ya eksileta, umeikandamiza mpaka chini. Aliushika kifundo, akaunyanyua polepole, akauweka sakafuni. Hamahama hakuhisi hata alipoguswa, na aliendelea kusubiri jibu.

"Uko kwenye mafuta, shemeji."

Mchomeleaji alikuja akikimbia, akawaona, akarudi kwa kunyata. Hamahama alilia bila sauti, machozi yakipotelea kwenye ndevu, na Pole aliangalia nje kupitia dirisha lake ili kumpa mwenzake faragha. Mwishowe mzee alichomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi. Hakumkabidhi mtu. Aliuweka tu, akafungua mlango, akashuka.

Nyumbani kukawa kama alivyohofia dada: migongo kitandani, maneno ya kuhesabu. Lakini siku ile ile ya mapipa Hamahama alikubali kumwambia daktari ukweli wote, na kidonda cha msumari kilichokuwa kimeanza kuoza kikawahiwa. Daktari alisema wangechelewa kidogo, mguu huo nao ungekwenda. Hamahama hakumshukuru mkewe kwa hilo. Aliacha tu kufunga mlango wa chumba alipokuwa akifungwa bendeji, na mkewe akachukua hiyo kuwa salamu.

Pikapu haikuuzwa. Ilipata dereva wa kuajiriwa, na Hamahama akawa anakaa upande wa abiria kama bosi. Dereva wa kwanza aliacha kazi akisema afadhali kubeba mawe kuliko kubeba ushauri. Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuendesha basi la shule. Huyo alikuwa amezoea kelele za abiria, akamwacha mzee aseme mpaka achoke. Wakaelewana. Watu waliendelea kuhama, na mji ukaendelea kusikia habari za makochi.

Na Pole? Gari lilipohitaji kazi, lililetwa kwake, si kwingine. Lakini Hamahama hakushuka. Aliongea naye kupitia dirishani, kwa adabu, na alimwita "fundi". Fundi, angalia breki. Fundi, ahsante. Neno "shemeji" lilikuwa limetoweka mdomoni mwake, na kila "fundi" ilimwingia Pole kama mwiba. Alijaribu kumwomba radhi mara moja. Hamahama alinyanyua kiganja kumzuia: "Yamepita." Yalikuwa hayajapita, na wote wawili walijua.

Karibu na mwisho wa mwaka gari lililetwa linavuja mafuta kwenye maungio ya giaboksi. Pole alilala chini yake kwenye kipande cha boksi, akaifungua na kuifunga, akapangusa. Juu yake alisikia mlango unafunguliwa, halafu gongo likagusa ardhi. Kiatu kimoja kipana, cha wagonjwa wa sukari kutoka kliniki, kikasimama karibu na kichwa chake.

"Ukimaliza hapo," sauti ya Hamahama ilisema, "dada yako anauliza mbona huji nyumbani."

Pole aliacha kupangusa. "Nitakuja," alisema.

"Ni yeye anayeuliza. Si mimi."

"Nimesikia."

Kiatu hakikuondoka mara moja. Kilisimama pale, kana kwamba kuna neno jingine njiani. Halikufika. Gongo likagonga, mlango ukafungwa, na mama dereva akauliza kutoka juu kama kazi imekwisha awashe. Ilikuwa imekwisha zamani. Pole alimwambia asubiri kidogo, akabaki chini ya gari akipangusa pale palipokwisha kauka.